Mshika Usukani Mliyemsomea Khitima

Kaka, Athumani hakufa! Hakuzama! Yu hai, yuko hapa kwangu Akheri, na sasa hivi ninapoandika namsikia akikohoa nyuma ya nyumba. Kama umeifungua barua hii barazani mbele ya watu, ikunje, ingia ndani, funga mlango, ndipo uendelee. Habari hii ikitoka kabla ya wakati wake itamla mtoto.

Sasa ndiyo nikuamkie. Shikamoo, kaka yangu Mbaruku. Hali yako, na lile goti? Wifi yangu hajambo? Na Zena binti yetu, anakula? Najua mume wake Faki yumo katika mnyororo, na chakula hakimshuki kooni mke wa mfungwa. Mwambie shangazi yake hajamsahau. Sisi huku Meru miili ni mizima. Masika yametukalia, mlima umejifunika siku nyingi hatujauona, na baridi yake si ya kumweleza mtu wa Tanga akasadiki. Ila roho zetu, kaka, hazikai mahali pake. Mbwa akibweka nasimama. Kuku akiruka nasimama. Ndekirwa mume wangu ananiambia nitakonda, nami namwambia mwili huu ni wa Kitanga, haukondi upesi.

Barua yako ya msiba ilinifika, na niliisoma mwenyewe. Watu wa huku hushangaa kumwona mwanamke akisoma, nami huwaambia baba yetu alikuwa na chuo cha Kurani, na hizi herufi za Kizungu nilizizoa misheni, kwa yule bibi wa Kizungu anayefundisha wanawake kushona. Kushona nilikujua tangu kwetu. Nilikuwa nakwenda nakaa nyuma na sindano yangu, macho yote ubaoni. Katika wake wote wa mteremko huu ni mimi peke yangu ninayeandika barua bila kumbembeleza mtu. Lakini siku ile nilitamani nisingejua hata alifu.

Uliniandikia kwamba stima ya Athumani ilikigonga kile kistima kinachochukua mbao, karibu ya kuingia Tanga, kistima kikazama na mabaharia wake, na Athumani akatupwa majini asionekane tena. Ukaandika kwamba kapiteni amesimama bomani mbele ya Bwana Shauri, yule akataye kesi, akasema mshika usukani aligeuza meli kwa kichwa chake mwenyewe, na Faki aliyewekwa mbele kuangalia njia alikuwa amesinzia. Na wale wa kistima nao walikuwa wamelala, hawakupiga kengele. Basi kosa lote limewaangukia watu waliomo chini ya maji, na Faki mmoja aliyebaki juu. Mkamsomea mwanangu khitima. Nami huku nilikaa chini nikalia mpaka wanawake wa Kimeru wakanichukulia watoto wa mbuzi niwashike, ndivyo wanavyomtuliza mfiwa.

Matanga yalikuwa yamekwisha, mimi niko mferejini nachota maji, nikamwona mtu amesimama ng'ambo amejifunga gunia, miguu imemvimba kama vinu. Nikamwambia, "Mpita njia, maji ni ya wote, kunywa."

Akasema, "Mama, chai hamna?"

Kaka, nilipiga ukelele ule! Mtungi ukaenda na maji. Ndekirwa akaja mbio na panga, akanikuta nimekaa ndani ya mfereji nakemea mzimu kwa kila aya niliyofundishwa. Akamtazama, kisha akanishika mkono akasema, "Inuka, Mama Athumani. Mizimu haiombi chai."

Na hata katika gunia, kaka, mtoto alikuwa na umbo lake! Kifua kile na mabega yale. Unakumbuka alipoingia kazini alianza kwa kubeba makaa, na haukupita muda wakampa usukani, wakawaacha watu waliomtangulia wanakodoa macho. Kapiteni mwenyewe aliwahi kusema mikono ya Athumani haina mtetemo. Mimi nimeitangaza habari hiyo Akheri mpaka Nduruma. Hakuna mtu wa huku asiyejua kwamba mwana wa Mwanaisha ndiye anayewapeleka Wazungu baharini na kuwarudisha.

Sasa sikiliza alivyonieleza, kwa maneno yake.

"Mama, sheria ya meli ni hii. Mtu wa mbele ndiye jicho, kapiteni ndiye akili, mshika usukani ni mikono tu. Mikono haifikiri. Asubuhi ile mvua ilifunga, hata pua ya meli yetu sikuiona. Ilitupasa twende polepole na kupiga honi. Lakini kapiteni alikuwa amechelewa, meli kubwa ya Ulaya ilikuwa inangoja barua zetu Tanga. Akasema, moja kwa moja, mbio hizi hizi, na honi iacheni, kichwa kinaniuma. Akashuka kunyoa ndevu. Faki akapiga kelele, 'Kengele mbele!' Nami niliisikia, mama, kengele ndogo, ya mtu anayepiga kwa haraka. Nikamwita kapiteni. Akajibu kutoka chini, 'Shika hapo hapo!' Nikashika. Faki akapiga kelele mara ya pili, sauti yake imepasuka. Ndipo nikakiona kile kistima kimetulalia mbele, ubavu wake huu hapa. Mtu mmoja alikuwa amesimama pale na kamba ya kengele, akainua mkono hivi, kama unavyomsimamisha ng'ombe njiani. Nikageuza. Nikageuza bila amri, mama, hilo ni kweli. Tukampiga."

Nikamwuliza, "Na kapiteni?"

"Alitokea na sabuni shavu moja."

Alisema mbao zilielea pande zote na vichwa vya watu katikati ya mbao. Akauacha usukani akakimbilia ukingoni kuwatupia kamba, na hapo mlingoti wa kile kistima ulipoanguka ukamzoa. Wapikaji chumvi wa upande wa Moa ndio waliomwokota amekumbatia ubao. Alipopata fahamu akawasikia wakiambiana, "Stima ile kosa ni la mshika usukani, nasikia kazama, Mungu kamlipa." Akaulizwa jina, akasema anaitwa Juma. Akawapikia chumvi mpaka miguu ikasimama, kisha akaingia katika kundi la wapakizi wa gari la moshi akafika Moshi, na kutoka Moshi akaja kwa miguu. Hakuja kwako, kaka, usimkasirikie. Nyumba yako iko mbele ya boma, na mtu aliyekwisha kulaumiwa akiwa maiti anajua atakavyofanywa akiwa mzima. Tumewaona wote, mimi na wewe, watu wakilazwa chini wahesabiwe viboko hamsa ishirini. Tumewaona waliofungwa shingo kwa shingo wakipasua mawe ya barabara. Na hiyo ni kwa makosa madogo. Kwa roho za watu, sijui. Neno lenyewe siliandiki.

Basi mimi nilikwisha kufanya shauri langu. Nilisema hivi: Tanga ni maiti, hapa ni mzima, na iwe hivyo. Mlima huu una migomba ya kuficha jeshi. Atalima kahawa, atamwoa binti wa Kimeru, tutamwita Juma. Nani wa boma atakayejua?

Lakini, kaka, watu wa huku wana desturi zao, na mimi kwa miaka yote niliyokaa nilidhani nimezimaliza.

Siku ile ile ya kwanza Ndekirwa alimzuia Athumani asiingie ndani. Akamwekea chakula nje, juu ya jani la mgomba. Nikawaka. "Mwanangu si mbwa!"

"Sikumwita mbwa," akasema. Unajua ni mtu mpole, hapandishi sauti. "Damu imemgusa. Asishike maziwa yetu, asipite katikati ya ng'ombe, mpaka wenye wafu wapokee sale."

"Hakuua! Ni meli!"

"Sale haliulizi kama uliua au ni meli."

Sale ni mmea wanaopanda mipakani, majani yake marefu mabichi. Mtu akimkosea mwenzake, hata kwa bahati mbaya, huchukua jani akalifunga shingoni mwa kondoo akampelekea. Na anayepelekewa sale hakatai. Hata uwe umemuulia mtoto, hakatai. Akikataa, laana inamgeukia yeye. Kwao jani lile si kusema nimekosa. Ni kusema tumepatwa, wewe na mimi, basi tusiogopane.

Mshili wa ukoo wao, ndiye mkubwa wao, akaja na wazee wawili kusikiliza. Wote ni watu wasiopata kuiona bahari. Nilikaa mlangoni, kazi yangu ilikuwa kumwaga pombe ya ndizi, ambayo mimi siigusi, nawe unajua. Athumani akawaeleza. Mzee mmoja akauliza, "Hizo meli zina pembe?"

"Hazina, babu."

"Sasa zinauanaje?"

Mshili akamwambia, "Wewe nyamaza. Kijana, meli ilikuwa ya nani?"

"Ya Wazungu wengi waliochanga, babu. Wako Ulaya."

"Na kapiteni?"

"Wamemwajiri."

"Na wewe?"

"Kapiteni ameniajiri."

Mshili akasema, "Dume langu likimpiga mtu pembe njiani, watu huja kwangu. Hawaendi kwa mchungaji. Mchungaji ana fimbo tu."

Mzee wa pili, mkaidi huyo, ana jicho moja, akasema, "Na kama mchungaji ndiye aliyelipitisha dume penye watu?"

"Aliambiwa apite."

"Mimi nikiambiwa nipite, na mtu kalala njiani, nampita juu?"

"Ndiyo maana aligeuza!" nikapaza sauti toka mlangoni. Wakanitazama. Mwanamke hasemi penye baraza lao, lakini wameshanizoea. Mshili akacheka akasema, "Mama wa pwani, dume lako tumelisikia."

Mwisho wakakata hivi: wenye meli ndio wenye dume, walipe wao, na kijana kwa kuwa alikuwa na fimbo mkononi, apeleke sale awe huru. Nikashukuru Mungu. Nilidhani ni maneno ya pombe. Jamaa wa wale waliozama wako pwani, nani atavuka na kondoo mpaka Tanga?

Ndipo kosa lilipofanyika. Na aliyelifanya ni mtu mwema, usimlaumu.

Yuko mtu mmoja Arusha, karibu na boma, anauza chumvi na kaniki. Anaitwa Kombo, ni wa kwetu, anatoka Chongoleani. Ndekirwa alikuwa amesikia sokoni kwamba Kombo amefiwa na mdogo wake, Hamisi, baharia wa kile kistima cha mbao. Hakuniambia. Siku ya soko akamfunga kondoo wake mzuri, yule mweupe, na jani la sale shingoni, akateremka. Mimi nikadhani anakwenda kumuuza. Nikamwambia aniletee chumvi!

Akarudi mchana, kondoo anamfuata nyuma, shingo tupu. Uso wa mume wangu ulikuwa kama wa mtu aliyepigwa kofi mbele ya watoto wake.

"Umekwenda wapi na kondoo?"

"Kwa Kombo."

Nikamshika mkono. "Ukamwambia nini?"

"Nilimwambia inavyosemwa. Nikamwambia, mwana wa nyumba yangu alimgonga ndugu yako majini, si kwa nia. Pokea, tusiogopane."

"Mbele ya nani?"

"Sale halipelekwi kwa siri. Mbele ya soko."

Nikaketi chini pale pale. Watu wa pwani wapo sokoni, matarishi wa boma wapo sokoni, mke wa askari mmoja ndiye anayeuza maandazi pembeni ya Kombo. Kwetu, mtu asiye na kosa hapeleki kondoo. Kwa Wazungu ndiyo kabisa, hilo ni kama kusema mbele ya karani. Nikamwuliza Kombo alijibu nini.

"Aliuliza, 'Kwa hiyo yu hai?' Nikasema yu hai. Akasimama. Akalivua lile jani akalitupa matopeni, akanisukumia kondoo. Akasema damu ya ndugu yangu haiuzwi kwa kondoo." Ndekirwa alitazama mikono yake. "Alilikanyaga, Mama Athumani. Sijapata kuona."

Sikumkaripia. Nilitaka, na ulimi wangu unaujua. Lakini aliogopa kuliko mimi, na hofu yake haikuwa ya boma hata kidogo. Alikuwa anamwogopea Kombo.

Tangu hapo ndipo tulipoacha kulala. Tulimpeleka Athumani juu, karibu na msitu, katika kibanda cha kulindia nguruwe wasile viazi. Nikawa nampelekea chakula nimekifunika kwa majani ya ng'ombe. Kila nilipopita nilidhani naona kofia nyekundu ya askari katika migomba, kumbe ni ua la mgomba linaning'inia. Maua yale yamenitesa, kaka. Nilichukua panga nikayakata yote ya njiani, jirani akaniuliza kama nimepatwa na wazimu, nikamwambia kwetu ndivyo tunavyolima.

Juzi, kweli, mtu akapanda. Kanzu, kofia ya kiua, kitambaa shingoni, viatu ameshika mkononi kwa matope. Mwenyewe, bila askari. Kombo. Nikasimama mlangoni nimeujaza mlango wote.

"Hodi, dada."

"Karibu," nikasema, lakini sikusogea.

Akavua kofia. Ndani ya kofia lilikuwamo lile jani la sale, limekauka, limechanika. Akasema, "Wanawake wa soko zima wamekataa kuniuzia hata ndizi moja. Wamekataa kununua chumvi yangu. Siku ya kwanza nilidhani mzaha. Siku ya pili bibi mmoja mzee akaja akaniambia nimekanyaga kitu ambacho hata mtu na adui yake hawakikanyagi. Nikaenda nikalitafuta matopeni kwa mikono yangu, dada, watu wananitazama. Mimi sikujua. Mwambie mumeo sikujua."

Ndekirwa alikuwa nyuma yangu. Akapita, akalipokea lile jani kwa mikono miwili, na nikaona mabega yake yanashuka. Kisha Kombo akasema alilolijia.

"Sikuja kumkamata mtu. Nataka kumwona yule aliyemwona ndugu yangu mwisho."

Nilikataa. Nikasema Athumani hayupo, amekwenda Moshi, amekwenda Nairobi, nikataja miji yote niijuayo. Na wakati bado nataja, mwenyewe akatokea kwenye migomba. Alikuwa ameteremka kuchukua moto. Wakatazamana.

Athumani akamwambia yote kama alivyoniambia mimi. Alipofika kwenye kengele, Kombo akamshika mkono. "Uliisikia? Useme kweli. Uliisikia kengele?"

"Niliisikia. Na aliyekuwa anaipiga ni kijana mrefu, upande mmoja wa meno ya mbele hana."

Kombo akafunika uso. Alilia, kaka, mtu mzima, sauti haitoki, kanzu yote inatikisika. Akasema, "Ndiye Hamisi. Tanga wamesema alikuwa amelala. Mama yetu amepewa pole na watu, kisha wakigeuka wanasema mwanao alilala akaua wenzake. Bwana mdogo, wewe ukinyamaza, ndugu yangu atabaki amelala mpaka Kiyama."

Nikasema, "Na akisema, wa kwangu atalazwa kwa kiboko!"

Kombo akapangusa macho. Hakuniambia uongo wa kunibembeleza, kwa hilo namheshimu.

Ni Athumani aliyesema, "Na Faki je?"

Faki alipiga kelele mara mbili mpaka sauti ikapasuka, na leo yumo katika mnyororo kwa kulala. Mume wa Zena. Mkwe wako, kaka. Nilijua hilo siku zote, nilikuwa nalisukuma nyuma kila linapokuja. Nilijiambia Faki watamwachilia tu. Nilijiambia Mungu hamsahau mtu. Na kila nilipojiambia hivyo nilikuwa namuuza mtoto wa mwenzangu ili wangu akae. Bado nilibisha. Nikamwambia Athumani, wewe ni mwanangu mmoja, sina mwingine, watasema umegeuza bila amri, na kweli umegeuza. Nani atamshtaki kapiteni? Bwana Shauri ni Mzungu, kapiteni ni Mzungu, watakula meza moja kabla ya shauri na baada ya shauri.

Akaniambia, "Mama, wewe umenitangaza mlima mzima. Ukipita njiani watu wanasema, huyo ndiye mama wa Athumani wa stima. Sasa utamtangaza nani? Juma?"

Nilimpiga kofi. Tangu kubalehe kwake sikupata kumpiga. Kisha nikamshika kichwa nikakaa nacho kifuani, nikatambua nimeshashindwa.

Mshili alikuja jioni yake. Alipoambiwa, hakupinga. Akasema, "Habari iko sokoni, na soko liko mlangoni pa boma. Watakuja tu. Mtu anayejileta hupewa nafasi ya kusema. Anayeletwa na kamba, kamba ndiyo inayomsemea." Na akasema kwa desturi yao mtu hasimami peke yake penye shauri; damu ikimgusa mmoja, ukoo wote unasimama nyuma yake, ili wanaohukumu wahesabu vichwa kabla ya kuhesabu viboko. Nikamwambia, mshili, huyu si damu yenu, baba yake alikuwa mtu wa Pangani. Akanijibu kwa Kiswahili chake kile cha mlimani, "Amekula kwa jani letu. Ni wetu."

Basi tunashuka, kaka. Athumani, mimi, Ndekirwa, mshili na yule mzee wa jicho moja, maana amesema anataka kuiona hiyo meli isiyo na pembe. Vijana sita wa rika la Athumani, waliochunga naye alipokuwa mdogo hapa, nao wamesema wanakuja, na maneno yangu ya kuwakataza hawakuyasikia. Kombo anafunga duka, anakuja nasi. Atasimama mbele ya Bwana Shauri kama mwenye maiti, aseme kwamba yeye hana neno na mshika usukani. Neno lake liko kwa aliyesema piteni mbio bila honi. Je, Mzungu ataandika neno la muuza chumvi? Sijui. Nikikwambia sina hofu nitakuwa mwongo. Naiona ile nguzo ya boma la Tanga hata nikifumba macho. Naiona mikono ya mwanangu, isiyo na mtetemo, imefungwa pale.

Nawe nisaidie hivi. Usilitangaze jina lake. Unapompelekea Faki chakula, mnong'oneze neno moja tu: aliyesikia kengele yuko njiani. Atajua. Zena usimwambie bado, hana kifua cha siri, kwa hilo amenirithi mimi shangazi yake. Lakini siku tutakayofika, waite wote. Watu wa msikitini, jamaa wa waliozama, mama yake Hamisi kwa heshima zote na kiti cha kukalia, wapakizi wa bandarini waliofanya kazi na Athumani na kumjua. Wajae stesheni. Sitaki ashuke kwenye gari la moshi mahali ambapo askari wawili wanaweza kumshika mkono na kupotea naye kichochoroni. Nataka macho. Nataka aende bomani kwa miguu yake, katikati ya watu, mchana, kila mtu amwone jinsi alivyo mzima. Na wale watakaosema ni mzimu, waambie wamuulize kama anataka chai.

Barua hii siipeleki kwa posta ya boma. Anaichukua mtu wa Kombo anayetangulia na mizigo. Mpe maji na mahali pa kulala.

Nisalimie wifi yangu, mwambie asipike mchele wa wageni mapema, Wameru hawa hawali mchele, atafute ndizi mbichi. Nisalimie Zena, mkumbatie. Nisalimie yule mama mkunga aliyempokea Athumani duniani, jirani yako, mwambie aje stesheni, kwa kuwa alimwona wa kwanza. Nisalimie mwalimu wa chuo aliyeongoza khitima. Mwambie dua hazikupotea, mtoto anazihitaji sasa kuliko alipokuwa maiti. Na wewe, kaka yangu, lifunge goti lako kitambaa chenye mafuta ya nazi, ukae mbele kabisa, mimi nitakutafuta wewe kwanza.

Ni mimi dada yako Mwanaisha, mama wa Athumani, mshika usukani.

Mshili ametoka hapa sasa hivi, wamekwisha kupatana siku. Mwezi ukiandama tunaondoka hapa kwa miguu kwenda Moshi kupanda gari la moshi. Tutarajieni Tanga, sisi sote, siku ya Alhamisi, ile ya kwanza baada ya mwezi kuonekana.